Poplini ya Mkobani

Watu wa Wambaa walimpa Ahmada jina lao, Bwana Mizani. Hawakumwita hivyo usoni, walimwita kisogoni, lakini mwenyewe alilijua na wala halikumkera. Mtu mwenye wake wawili, mmoja Wambaa na mwengine Chake Chake, atakuwa nani kama si mizani? Akinunua sabuni, ananunua mbili. Akinunua samaki, anapekua tenga zima mpaka apate wawili wanaolingana hata mikia, na mwenye samaki anang'aka mpaka anachoka. Wanasema siku moja alikuta sokoni papai limebaki moja tu, zuri, limeiva vizuri. Akalitazama, akaliacha palepale, akenda zake. Na nguo ndiyo usiseme. Vitambaa vitoke jora moja, duka moja la Mzee Zahran wa Chake, wari mbili na nusu za huyu na wari mbili na nusu za yule, ingawa huyu wa Wambaa, Mwatima, ni mtu wa mwili, na yule wa Chake, Radhiya, ni mwembamba hata mabaki ya kitambaa chake yangemshonea mtoto.

Basi mwaka wa hamsini na nane, mwaka ule ambao watu walianza kuulizana chama kabla ya kuulizana hali, msimu wa karafuu za vuli, Bwana Mizani alianguka mkarafuuni. Alikuwa juu kabisa, tawi likakatika. Hakufika hata adhuhuri. Ilikuwa siku ya mwisho ya zamu ya Wambaa. Jioni yake alikuwa aende Chake.

Mwatima hakulia. Maiti ililetwa nyumbani kwake, hakulia. Radhiya aliletwa kwa gari kutoka Chake, akaanguka mlangoni akagaagaa chini mpaka wanawake wakamshika wanne, na Mwatima akasimama pale anamtazama kama mtu anayetazama mvua inanyesha kwa jirani. Waliona wenye macho, wakasema wenye midomo. Ati macho makavu. Ati labda ukewenza ulimkausha moyo zamani, na sasa kapumzika. Upuuzi mtupu! Tangu lini mtu akasimamiwa alie kama anayesimamiwa atwange? Mwatima hakulia kwa sababu ndani yake hamkuwa na kitu cha kulilia. Aliangalia, akakuta patupu.

Ndivyo alivyoanza kukaa eda, miezi minne na siku kumi, katika nguo nyeupe ya bafta, ndani ya chumba chenye dirisha moja. Mama yake mdogo, Bi Mgeni, alivuka kutoka kisiwa cha Fundo kuja kukaa naye. Akimwambia ale, anakula. Akimwambia alale, analala. Siku moja Mwatima aliteleka chungu, akakiepua kwa mikono mitupu, akakiweka chini taratibu kabisa, akakaa. Bi Mgeni ndiye aliyeona malengelenge.

"Mwanangu, hukusikia moto?"

"Nimesikia," alisema Mwatima. Hakusikia lolote.

Siku ya nne baada ya maziko, Hija, ndugu wa marehemu, alileta mkoba. Ulikuwa mkoba wa ukindu ambao Ahmada haachani nao, akenda nao shamba, akenda nao mjini, na siku ile ulikuwa umening'inizwa kwenye tawi la chini la ule ule mkarafuu. Hija aliupitisha mlangoni, akampa Bi Mgeni, naye akauweka kitandani kwa Mwatima akarudi jikoni.

Mwatima aliufungua kama vile angefungua mlango wa banda. Kisu. Kamba ya kupandia. Tambuu iliyokauka. Vikonyo vya karafuu chini kabisa. Na katikati ya vyote hivyo, kitambaa, kimezongwa karatasi ya dukani ambayo pembe zake zimekwisha kulainika.

Akakikunjua. Poplini ya rangi ya maziwa, yenye vimaua vya buluu vidogo, kila kimoja kama ukucha wa mtoto. Kipande kimoja. Akatia tena mkono mkobani, akapapasa mpaka pembeni, akaugeuza mkoba juu chini, akaukung'uta. Kipande kimoja tu.

Kichwa kilikuwa bado kimekufa ganzi, lakini vidole vilianza kazi vyenyewe, bila ya kuamrishwa. Mwatima tangu usichana wake hajavaa blauzi iliyoshonwa na mkono wa mtu mwengine. Alikuwa na cherehani yake ya mkono, urithi wa bibi yake, na kila blauzi iliyompita mwilini aliikata mwenyewe na kuishona mwenyewe. Vidole vilichukua pembe ya kitambaa vikaisugua, halafu vikafunguka kutazama: hakikutoka unga. Maana hiyo poplini mbaya, na bafta mbaya vilevile, hujazwa dondo la wanga dukani ikasimama kama ubao, ukaiona nzito ukaipenda. Ukiisugua dondo linamwagika kama unga wa muhogo, na ukiifua mara moja unabakiwa na chandarua. Hii ilikuwa na dondo kidogo tu, la kuinyoosha. Akakiinua dirishani: nyuzi zimekaribiana, mwanga unapita lakini kidole hakionekani. Akakivuta mshazari, kikavutika, kikarudi. Akachomoa uzi mmoja ukingoni akaugusisha kwenye moto wa kibatari. Ukawaka ukazima, jivu likaruka, hapakubaki kidonge cheusi. Pamba tupu. Kizito vya kutosha kusimama kifuani, chepesi vya kutosha kwa kaskazi. Mwenyewe angekwenda Chake akashinda dukani kutwa nzima, asingechagua chengine.

Na ni nani aliyemfundisha Ahmada kuchagua hivi? Ni yeye. Yeye Mwatima, mwaka wa kwanza wa ndoa yao.

Ahmada alimletea kitambaa cha Idi, mbio mbio, siku tatu kabla ya mwezi kuandama. Mwatima naye kwa furaha yake ya ubibi arusi akakikata vilevile kikavu, hakukirowesha kwanza. Akashona, akaifua, akaianika, na asubuhi ya Idi akaivaa: vifungo na tundu zake vimeachana vidole vitatu. Akavuta huku, akavuta kule, wapi! Ahmada alikaa kitandani akacheka mpaka kofia ikamwanguka. Mwatima alikasirika, halafu akacheka na yeye. Baada ya Idi akamkamata mkono, mkono ule wa mchuma karafuu, mgumu, wenye utomvu, akautia kitambaa: sugua hapa, tazama kule, vuta, chomoa, choma. Na kila kitambaa cha pamba, kirowe kutwa katika ndoo kabla hakijaona mkasi, kinywee maji yake kabisa na kuruka kwake, kule kusinyaa, kwishe. Ahmada alishika somo lile mpaka Mzee Zahran akawa analalamika mbele za watu: huyu bwana ananisugulia majora yangu yote, ataninunulia lini?

Miaka sita walikaa wawili. Hawakujaaliwa mtoto. Mwaka wa saba akaoa Chake, na huko nako mtoto hakupatikana. Na tangu siku ile Mwatima hakupata tena kitu kwake ambacho hakina pacha wake Chake. Hakumtendea ubaya hata siku moja, na hapo ndipo palipomuuma. Ungemshitaki kwa nani mume mwadilifu? Ungesema nini mbele ya watu, ati mume wangu hanipendelei? Miaka sita mingine Mwatima alikuwa akingoja ateleze, hata mara moja. Sabuni moja. Embe moja. Aseme: hiki chako peke yako.

Na sasa hiki hapa. Kipande kimoja. Na kimechaguliwa kwa somo lake, uzi kwa uzi, kwa ajili ya mtu anayejua thamani ya uzi. Radhiya anapeleka vyake kwa fundi, hajui poplini wala marekani. Mikunjo ya kitambaa ilikuwa imechakaa, imeingia weusi mwembamba wa vumbi, kama kitu kilichokaa mkobani muda mrefu. Mwatima aliiona ile mikunjo. Aliiona vizuri. Akaipitisha mkono, akaisawazisha, hakutaka kuiuliza kitu.

"Changu," alisema, kwa sauti ndogo.

Kilikuwa kitu cha kwanza alichokitaka tangu Ahmada afe.

Alasiri Hija alirudi, akakaa barazani upande wa pili wa ukuta, akakohoa. Alikuwa mtu mpole, na kazi ile ilimtia haya. "Shemegi, usinione vibaya. Mali ya marehemu ina wenyewe, na nyinyi wawili mna fungu lenu. Kila alichokiacha kitajwe, hata sindano, asije mtu akala haki ya mtu. Mkobani mlikuwa na nini?"

Hapo ndipo pa kusema kweli, na Mwatima alijua kama kila mtu anavyojua. Kitu ambacho marehemu hakukitia mkononi mwa mtu si cha mtu, ni cha warithi wote. Kusema angesema, na Hija angepeleka neno Chake, na Chake wangeuliza kipande cha pili kiko wapi, na ile "changu" ingekwisha.

"Kisu," alisema Mwatima. "Na kamba. Na tambuu."

"Basi?"

"Basi."

Loo, Mwatima! Mtu aliye edani, msala haujapoa, anadanganya kwa ajili ya wari mbili na nusu! Lakini msimhukumu mbio. Mtu aliyepotewa na mkono hushika hata kwa meno. Akakitia kitambaa ndani ya kisanduku cha cherehani, akarudi kukaa kwenye mkeka, na ganzi ikamrudia, ila safari hii ilikuwa na kitu kidogo katikati chenye joto.

Miezi ikenda. Ilipobaki kama wiki mbili, Bi Mgeni akaanza mashauri ya nguo ya kutokea eda. Mtu akitoka eda anaogeshwa, anafukizwa udi, anavishwa kipya, na Bi Mgeni hakutaka mtoto wa dada yake atoke kama kuku aliyenyeshewa.

"Mwanangu, kuna hii nailoni," alisema. "Wanavaa mabibi wote wa Wete. Haikunjiki, haitaki pasi, ukiifua unaivaa."

"Na haipitishi upepo pia, mama. Utapikwa humo ndani kama ndizi."

Bi Mgeni alifurahi mno kusikia maneno mengi hivyo kwa mpigo mmoja, akamkubalia kila kitu. "Basi utashona nini, nami sijaenda dukani?"

"Ninacho kitambaa. Cha siku nyingi, kilikuwa sandukuni."

Uongo wa pili, huo. Wa pili huja mwepesi. Mwatima akateka maji akajaza ndoo. Akakitoa kitambaa kwenye kisanduku, akakishika juu ya maji, na hapo harufu ikampanda usoni: karafuu, na jasho la mkoba, na ukindu. Ahmada mzima mzima, anaingia mlangoni jioni na kusema, tupe chai basi. Akiroweka, harufu itakwenda na maji. Asiporoweka, blauzi itaruka siku ya kwanza ya kufuliwa, na hilo alilijua yeye kuliko mtu yeyote kisiwani.

Alisimama na ile ndoo muda mrefu. Halafu akaenda akaimwagia migomba.

Akakikata kikavu. Akakata mgongo, akakata vifua viwili, mikono mifupi, ukosi wa kulala. Akakata kwa kujibana hasa, maana wari mbili na nusu kwa mwili wake si nyingi. Akashona siku tatu, cherehani inalia kwa kituo, na Bi Mgeni akapita akagusa pindo akasema, mashaallah, mkono haujasahau. Hakuuliza kama kilirowa. Nani angemuuliza Mwatima swali kama hilo?

Siku ya kutoka eda walimwogesha, wakamfukiza, akavaa. Ilimkaa kama imemwagwa. Wanawake wa mtaa wakamzunguka wakimsifia vimaua, na yeye akasema ahsanteni, ahsanteni, ndani bado ganzi, lakini kila akiinamisha kidevu alipata ile harufu, na alijua jambo ambalo hao wote hawalijui. Mara moja, katika maisha yake, Bwana Mizani alitupa mizani.

Akaivaa kesho yake. Akaivaa kesho kutwa.

"Mwanangu, vua nikufulie," alisema Bi Mgeni siku ya tatu.

"Bado safi."

"Safi ya wapi, na jua hili? Kwapa linasema lenyewe."

"Bado, mama."

Siku ya nne, saa nane za mchana, ilisikika hodi mlangoni, ya sauti nyembamba. Alikuwa Radhiya. Kashuka gari barabarani akatembea kwa miguu mpaka kijijini, viatu mkononi, na bado kavaa ile bafta nyeupe ya eda ingawa eda yake ilikwisha siku moja na ya Mwatima. Katika miaka sita wake wenza hawa walikuwa wamekaa chumba kimoja mara mbili tu, na mara ya pili ni mazikoni. Mwatima alivuta kanga yake akajifunika mpaka shingoni.

"Shikamoo, Bi Mkubwa," alisema Radhiya.

"Marahaba. Karibu. Mbona hujabadilisha nguo, mwenzangu?"

"Nilikuwa nakungoja weye." Akaketi kwenye mkeka, akanywa maji aliyopewa, akatoa kifurushi chini ya buibui. Karatasi ya dukani, mpya, pembe zake kali. Akaifungua juu ya mapaja.

Poplini ya rangi ya maziwa. Vimaua vya buluu.

Mwatima alitazama vile vimaua. Alivihesabu vya mstari mmoja, akafika saba, akaanza tena.

"Mzee Zahran kanipa juzi," alisema Radhiya. "Kasema Ahmada alikwenda pale kabla ya msimu, akaipenda hii, lakini jora lilikuwa linakwisha, limebaki la mtu mmoja. Akakichukua kile kile, akalipia na cha pili kabisa. Akasema, hiki kitatembea na mimi mkobani mpaka mwenziwe aje, wala asikione mke yeyote. Wiki tatu kila akija Chake anapita dukani kuuliza. Jora lenyewe limekuja sasa hivi." Akakipapasa kitambaa kama mtu asiyejua anatafuta nini. "Basi nikasema nikulete uchague. Weye ndiye mkubwa. Chukua hiki au chukua kile cha mkobani, mie nitavaa kitakachobaki. Sikutaka nivae peke yangu, Bi Mkubwa. Angechukia."

Bi Mgeni akatoa kichwa jikoni. "Mkobani? Mkobani mlikuwa na kisu na kamba tu, mwanangu. Mwatima mwenyewe alimwambia Hija."

Nje mtu alikuwa anatawanya karafuu jamvini kwa mguu, kwarakwara, kwarakwara. Mwatima angeweza kusema hakikuonekana. Angeweza kusema labda kiliibwa kule chini ya mkarafuu. Uongo wa tatu ungekuja mwepesi kuliko wa pili. Akauangalia uso wa yule mwanamke, uso uliokonda ukabaki macho, na akaona uvivu wa kusema uongo, uvivu tu, kama mtu aliyechoka kubeba kikapu.

Akaiachia kanga ikaanguka mabegani.

Radhiya aliiona blauzi. Bi Mgeni naye aliitazama, akamtazama Mwatima, akarudi jikoni.

"Nilikificha," alisema Mwatima. "Nilikikuta kimoja, nikasema kaninunulia mie peke yangu. Nikamdanganya Hija. Nikashona. Nilitaka kiwe changu."

Alingoja atukanwe. Angetukanwa angejua la kufanya. Radhiya alikaa anakunja karatasi ya dukani, akaikunja tena, mpaka haikunjiki.

"Basi bahati yako," alisema mwisho.

"Bahati?"

"Miezi minne umekaa unajua kwamba kakupenda weye zaidi. Mie sikupata hata siku moja." Alisema bila ya hasira, kama mtu anayetaja bei ya unga. "Huyu Mzee Zahran angenipa kitambaa akanyamaza, na mie ningepata siku zangu za kuamini hivyo. Lakini kaanza hadithi yote palepale mlangoni."

Mwatima hakujua kwamba kule Chake nako kulikuwa na mtu anangoja embe moja.

"Ina harufu yake," alisema, kwa kuwa hakuwa na kitu chengine cha kumpa. "Sikuirowesha. Njoo unuse."

Radhiya akasogea kwa magoti, akaweka pua begani kwa mke mwenza wake, akafumba macho. Akavuta pumzi mara moja. Akavuta tena. Kisha akarudi nyuma akamtazama kwa huruma.

"Ni karafuu, Bi Mkubwa," alisema. "Ni karafuu tu. Pemba nzima inanuka hivi."

Mwatima akainamisha kidevu akanusa. Akanusa tena, kwa nguvu, kama anayetafuta mtu ndani ya nyumba. Karafuu. Magunia ya karafuu, majamvi ya karafuu, barabara nzima ya karafuu. Na jasho lililokuwamo lilikuwa lake mwenyewe, la siku nne.

Akainuka. Akajifunga kanga kifuani, akaivua blauzi, akatoka uani akateka maji akajaza ndoo. "Lete na hicho chako," alisema. "Hakikatwi kikavu. Fundi wako anakukatia vikavu?"

"Sijui. Huwa sivai mara ya pili. Vinanibana."

"Mjinga huyo fundi. Na weye pia, unanyamaza!"

Akazamisha vyote viwili, blauzi na kitambaa, akavikandamiza kwa viganja mpaka mapovu yakatoka. Dondo likaanza kujitoa kidogo kidogo, maji yakawa na utusitusi kama tui la mwisho. Kitambaa cha Radhiya kilihitaji kutwa nzima, lakini blauzi Mwatima aliitoa baada ya muda mfupi, akaikung'uta, akaianika kwenye kamba juani. Poplini haiombwi kukauka na jua la kaskazi. Walikaa wawili kivulini mwa ukuta, wakanywa chai ya Bi Mgeni, wanaitazama.

Ilipokauka akaivaa palepale uani. Mikono iliingia kwa kusukumwa. Akaleta vifua viwili mbele, akavuta huku, akavuta kule. Kifungo na tundu yake vimeachana.

"Ngoja nikusaidie," alisema Radhiya. Akaweka kikombe chini, akashika pande zote mbili kwa vile vidole vyake vyembamba, akavuta kwa bidii, ulimi umebanwa na meno, mguu mmoja umetiwa nyuma kama anayeng'oa muhogo. "Vuta pumzi, Bi Mkubwa. Ivute ndani. Bado. Bado vidole vitatu."

"Vingapi?"

"Vitatu." Na Radhiya, masikini, hakuweza kujizuia, kicheko kilimtoka puani, akajiziba mdomo kwa haya. "Nisamehe. Wallahi nisamehe."

Mwatima alifungua mdomo na yeye acheke. Alikuwa amekwisha kugeuka, uso umeelekea mlangoni mwa chumba, kwenye kitanda, pale alipokuwa akikaa mtu na kofia yake, amwambie: unaona?

Kitanda kilikuwa kitupu. Bi Mgeni alikuwa amekitandika.

Hapo ndipo kilipomtoka, kilio cha miezi minne na siku kumi na nne, kwa sauti ambayo watu wa Wambaa waliisikia mpaka barabarani wakaulizana nani tena kafa. Radhiya hakuviachia vile vifungo. Alibaki kavishika, anavuta, na kila Mwatima alivyolia ndivyo kifua kilivyozidi kupanuka.